Upande Uliofutika

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nangara hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna maharage, na goti langu limetulia.

Swali lako limenichoma kidogo, lakini nitalijibu. Unataka kujua kwa nini, kati ya taa zangu sita za kauri, ile iliyofutika ua nimewageuzia wageni upande mbaya.

Nilikuwa msichana wa kazi kwa mwalimu mmoja pale Bonga. Siku moja niliisugua taa yake kwa majivu, kama tulivyosugua masufuria nyumbani. Waridi lililochorwa kwa mkono likatoka lote. Mara nikasikia geti linafunguliwa.

"Nani amefanya hivi?"

"Nimeikuta hivyo, Mwalimu."

Akavitazama vidole vyangu, bado vina majivu. Akaigeuza taa, upande uliofutika ukaelekea ukutani. Miaka minne niliipangusa pale pale, na kila asubuhi nilishindwa kumwambia. Alipohama, akaniachia.

Nilipofika nayo kwangu, nikaigeuza. Mgeni akiuliza nani aliifuta, namjibu kabla hajamaliza: "Ni mimi."

Bibi yako anayekukumbuka