Mke Wangu au Kopo Langu la Bia

Shangazi Noreen, nakuandikia nikiwa sina nyusi, nisaidie kabla sijabaki bila mke pia.

Mimi ni mpanda milima hapa Launceston, mmoja wa wale wanaokata mpini wa mswaki ili mzigo uwe mwepesi, na jiko langu nimelitengeneza mwenyewe kwa makopo mawili ya bia, linatumia spiriti na uzito wake ni kama hakuna, nimelisifu kwenye klabu yetu ya wapanda milima hadi watu wakiniona wanahama meza, basi Julai hii, ambayo huku kwetu kusini ni katikati ya majira ya baridi, nikaenda kwenye theluji na mke wangu Tamsin na baba yake, mzee Lindsay, ambaye bado anabeba jiko la shaba la mafuta ya taa, la kupampu, zito kama tofali, nami nikamcheka njia nzima. Asubuhi spiriti ilikuwa baridi mno ikakataa kushika moto, nikamwomba Tamsin aikumbatie chupa ndani ya koti lake, akasema, "Makubwa! Nimeolewa nikawa kuku wa kuatamia." Ikawaka, lakini jiko likayeyusha theluji likaanza kuzama na sufuria juu, nikaliinua, nikaona limezimika, kumbe mwali wa spiriti mchana hauonekani, nikaongeza nyingine, ikalipuka bwaa, nyusi zikaenda, na glavu ya Tamsin ikashika moto kidogo, mzee akaizima kwa theluji, kisha akanimiminia chai iliyochemka kwenye jiko lake la shaba, na hiyo chai ndiyo iliyoniumiza hasa. Sasa Tamsin ananiambia, "Chagua, mimi au kopo lako," na klabu imeshaniomba niwafundishe kulitengeneza mwezi ujao, uso wangu nitauweka wapi?

Asiye na Nyusi, Launceston

Asiye na Nyusi,

Pole. Nimecheka, na sikuombi radhi. Kisha nikasoma tena, nikaacha kucheka. Nyusi zako unazililia tangu mstari wa kwanza. Glavu ya mkeo umeipitia mbio mbio, kama vile haikuwa na mkono ndani yake.

Kopo lako si baya, ila ni la kiangazi. Kwenye theluji beba jiko la pampu, tena mgongoni mwako wewe, si kwa mzee. Ukilazimika kupika kwa spiriti, weka kibao chini ya jiko, na hata ukidhani limezimika, lifunike kwa kopo kubwa, lisubiri lipoe kabisa ndipo uongeze. Usimimine juu ya jiko lenye joto. Umenisikia?

Klabuni nenda. Uso wako uuweke mbele yao hivyo hivyo ulivyo, uwaeleze zilikokwenda nyusi. Wachache watacheka, wengi watapona.

Lakini hayo baadaye. Mkeo aliatamia chupa yako kifuani ili upate chai, ukamlipa kwa moto. Sasa hivi weka gazeti chini, umwendee, umuulize jambo ambalo barua yako nzima haikulitaja: mkono wake unaendeleaje?