Ng'ombe wa Masunga

Mpendwa Mayu, mama yangu,

Huko kwako Nkololo hawajambo. Dada Minza bado anasonga ugali mgumu kama ulivyomfundisha, nami bado naumaliza kwanza ndipo nalalamika. Nakuandikia nikiwa nyumbani, Bariadi mjini, pembeni ya mtungi wangu wa naitrojeni, ule uliouita chungu cha mganga wa serikali kwa sababu nikiufungua unatoa moshi.

Siku ile ya kwanza nilikueleza kwa adabu zote kwamba humo ndani mna mbegu za madume zilizogandishwa, na kwamba kazi niliyosomea ni kuwapa ng'ombe mimba bila kuleta dume. Ukaniangalia kuanzia kwenye buti hadi kwenye kofia.

"Kwa hiyo serikali imekusomesha miaka yote hiyo uwe dume?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mpaka leo wazee wa Mwamapalala wakinipigia simu wanaanza na, "Dume la serikali lipo kazini?" Nami naitika. Nifanyeje?

Kabula alicheka nawe. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemwoa. Ulimwita kwa jina lake kama wiki moja hivi, kisha asubuhi moja ukatuita zizini, ukamshika sikio yule mtamba mwekundu, ukasema huyu ni wa mjukuu wangu Masunga, jina la baba yenu, na kuanzia leo nyinyi ni Baba Masunga na Mama Masunga. Mke wangu hakuwa na dalili yoyote.

"Mtoto haji mahali ambapo hajawekewa kitu," ulisema. "Na ng'ombe wa mtoto hauzwi. Hata kwa njaa, hata kwa mahari ya mtu. Labda kwa shida ya mtoto mwenyewe."

Basi mtamba akazaa, na watoto wake wakazaa. Hakuna hata mmoja aliyehitaji utaalamu wangu. Leo Masunga ana mifugo kumzidi baba yake.

Wanawake wanaoteka maji lamboni walipoanza kumtupia Kabula maneno, wewe ndiye uliyeweka ndoo chini. "Kwetu ng'ombe asiposhika, tunaanza kuangalia dume." Kisha ukanigeukia mimi. Mimi, mtaalamu, nikacheka.

Kule Mwanza, kwenye kliniki, waliangalia dume. Daktari alinikaribisha kwenye hadubini nijionee. Mayu, mbegu zangu zilikuwa chache, na hizo chache zilijikokota kama watumishi wanaoitwa kikaoni. Nikamwambia, "Dume hili mimi ningelitoa kundini." Daktari hakucheka. Kabula alicheka kidogo, akanishika mkono, na hakunirudishia neno hilo hata siku tuliyogombana.

Kabla ya hapo tulishamchanganya daktari huyohuyo. Minza alikuwa ametusindikiza, na pale mapokezi kila baada ya neno ni Mama Masunga njoo, Mama Masunga keti. Nesi akaandika kwamba tuna mtoto. Daktari akauliza, "Huyo wa kwanza mlimpata bila shida?" Tukatazamana. Nikajibu, "Huyo, daktari, ana ng'ombe tu."

Sindano za tumboni, za kukuza mayai, nilimchoma Kabula mwenyewe hapa nyumbani. Alikubali kwa sharti moja: "Usinipige kofi kwanza kama unavyowafanyia ng'ombe wako." Nilijizuia. Mkono ulikuwa unataka.

Kliniki wakachanganya mayai yake na mbegu zangu, wakapata viinitete vitatu, ndiyo mwanzo wa mtoto kabla hajaitwa mimba. Cha kwanza walikiweka tumboni, hakikushika. Wakati huo ulikuwa umeshalala kitandani, na sauti imekaribia kukuishia, ila uliuliza, "Mama Masunga amekula?" Nilisema amekula. Ukafumba macho.

Cha pili walikiweka baada ya arobaini yako. Siku ya majibu nilikuwa kwenye zizi la mtu huko Itilima, mkono umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani. Mwenye zizi akanishikia simu sikioni.

"Imekuwa hapana," Kabula alisema.

"Sawa."

"Utakula huku au huko?"

"Huku."

Nikamaliza na ng'ombe. Nikanawa. Mwenye zizi akauliza kama atashika, nikamwambia Mungu akipenda. Nyumbani nilimkuta Kabula anapepeta mchele. Tulizungumzia bomba linalovuja. Nilisubiri kulia, kilio hakikuja, nikaenda kununua mpira wa bomba.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuonyesha mkono wangu jioni? Ng'ombe akiubana sana, ukiutoa unakuwa umekufa ganzi. Unauona ni wako, una vidole vyote, ila ukiambiwa kunja kidole hiki, hujui kipi. Mayu, sisi tumekaa hivyo tangu siku ile. Tunakula, tunasali, tunasalimia watu. Jirani alipojifungua tulipeleka sabuni na sukari, tukambeba mtoto kwa zamu. Alikuwa mzito. Ndicho nilichokiona, kwamba alikuwa mzito.

Kimebaki kimoja. Wamekigandisha kule Mwanza, ndani ya mtungi kama huu wangu. Walipiga simu wakitaka kujua: tuje tukiwekewe, au waachane nacho? Mshahara na fedha za pamba vilishakwenda na viwili vya kwanza. Jioni nyingi tulikaa na swali hilo sebuleni kama mgeni asiyeaga.

Wiki iliyopita Minza alikuja na maharage. Kabula alikuwa anachagua mawe, hakuinua uso.

"Wifi, Mayu alisema ng'ombe wa mtoto hauzwi ila kwa kitu gani?"

"Kwa shida ya mtoto mwenyewe."

"Na hii ni shida ya nani?"

Mimi nilikuwa na maelezo ya kitaalamu kuhusu asilimia za kushika. Nikayameza. Minza akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Jumamosi kuna mnada."

Tukamtoa mjukuu wa yule mwekundu, ana alama ileile nyeupe kwenye paji. Nilimvuta kamba mwenyewe, naye akanikanyaga, sijui kama ni kwa niaba yako. Pale mnadani karani akauliza, "Ng'ombe wa nani huyu?"

"Wa Masunga," Minza alijibu bila kufikiri.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Nikafungua mdomo nieleze. Unanijua kwa kueleza. Kabula akaniwahi.

"Yuko Mwanza," alisema. "Tunamfuata Jumatatu."

Karani akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mtu mwingine. Kabula akaendelea kumkuna yule ng'ombe nyuma ya sikio, palepale ulipokuwa unashika wewe.

Sikuandikii ili ututumie furaha, hatuna mahali pa kuiweka kwa sasa. Nimekuandikia ujue kwamba sheria yako hatujaivunja. Na ukiulizwa huko uliko, Mama Masunga amekula.

Wabeja, Mayu, asante. Pumzika.

Mwanao wa mwisho,
Baba Masunga