Askari Wako Wawili Bado Wako Kwangu

Galbet, Garissa

Fundi Musyoka, rafiki yangu,

Askari wako wawili ni wazima. Hakuna aliyevunjika hata ncha ya upanga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza kwanza kila ukinipigia simu kutoka Mwingi: "Mwalimu, wale askari wangu hawajambo?" Nami nikijibu hawajambo, hawali, hawaombi maji. Ulicheka mpaka ukakohoa. Sikujua kikohozi kile kilikuwa na maana gani.

Huu ni mwezi wa nne tangu ufe. Wao wamo kwenye lile sanduku la bati, chini ya kitanda changu, wamefungwa kwa shati lako la kazi lenye madoa ya rangi. Mwenye uso mwekundu bado ana ndevu mpaka kiunoni. Mwenzake, yule mweusi, bado amekodoa macho kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Nakumbuka siku ulipowaleta kwenye chumba chako, ukuta mmoja na nyumba yangu. Kambi ya Wachina wa barabara ilikuwa inafungwa, na msimamizi wako, Bwana Li, akakupa wewe sanamu hizi za walinzi wa mlango badala ya kuzitupa. Akakufundisha na utaratibu wake: wasimame mmoja kila upande wa mlango, nyuso nje, mabaya yasiingie. Elimu yao ya kupanga nyumba, fengi shui, upepo na maji. Akakuonya usiwageuze ndani kamwe, maana hawachagui, watawazuia wenye nyumba wasitoke. Nawe, fundi wa plasta, uliwasimamisha kwa timazi, ile kamba yako ya kunyooshea ukuta! Ulifumba jicho moja, ukamsogeza mwekundu kidogo, ukarudi nyuma kumtazama. Majirani walipita wakisema astaghfirullah. Mke wangu Habiba alizunguka nyuma ya nyumba ili asiwaone, kisha akakuletea maziwa ya ngamia kwa mkono wangu. Mwanzoni ulisema yananuka moshi. Baada ya mwezi ulikuwa ukigonga ukuta kuyadai.

Ulipenda kunitania, mimi mkimbizi wa kutoka kwetu Elwak: "Mwalimu, umekimbia Elwak miaka yote hii na bado hujafika." Kisha ikaja wiki ile mafundi na walimu wa kutoka bara walipokuwa wakiondoka kwa hofu ya kushambuliwa. Ulikuja na sanduku kichwani, lori likikungoja barabarani. "Niwekee mpaka nirudi," ukasema. "Leo na mimi nimekuwa wewe."

Nikasema, nimepokea.

Neno hilo likishatoka kinywani, kwetu kitu kinakuwa amana. Hakivunjwi, hakitupwi, hapewi mwingine. Kinarudi kwa mwenyewe. Na dini hiyo hiyo inayoniamuru nitunze amana inanikataza kuweka sanamu nyumbani. Hapo ndipo niliponasa, Musyoka, na sijanasuka hadi leo. Habiba amekuwa akiniambia, "Wallahi, Adan, malaika hawaingii humu kwa ajili ya wageni wako." Nilimwendea sheikh wa msikiti wetu. Alifikiri sana, akasema, "Si mali yako, huwezi kuvunja. Mwenyewe akifa, wape warithi."

Ukafa. Nikampigia mkeo Kamene. "Mwalimu, hizo vitu usiniletee hapa. Pasta akiziona nitaombewa wiki mzima." Basi nikamwomba aniruhusu nizivunje. Akakataa: "Hapana. Usivunje. Alikuwa anaziulizia hadi hospitali." Nikamwuliza, sasa mimi nifanye nini? "Kuja umpe mwenyewe," akasema, akacheka kidogo, kisha akalia.

Kuna jambo nililomdanganya. Siku ya mazishi yako nilimwambia ni mguu unaniuma, siwezi kusafiri. Haukuwa mguu.

Unajua huku watu wakivuka daraja la Tana bado husema wanakwenda Kenya. Mara ya mwisho nilipokwenda Kenya sikufika. Pale darajani polisi kijana alitushusha kwenye basi, akaitazama kadi yangu iliyofutika picha, akaniuliza mbele ya abiria wote, "Mzee, hii kitambulisho ni yako ama ya babako?" Basi likaondoka. Nilikaa juani tangu asubuhi mpaka alasiri, mimi niliyewafundisha watoto wa nchi hii ramani ya nchi hii, mito yake yote kwa majina. Kisha mwenzake akanirudishia kadi bila neno, nami nikarudi nyumbani kwa miguu. Sikukusimulia. Niliona aibu, wala sijui kwa nini aibu iwe yangu.

Tangu siku hiyo sijavuka. Nyuma yangu ni Elwak, ambako wanaokaa kwenye kiwanja cha baba yangu hawajui hata jina langu. Mbele ni daraja. Mimi ni wa kati ya nyumba na msikiti, msikiti na nyumba. Saa walipokuwa wakikuzika nilikuwa nimekaa kitandani, nimevaa kanzu safi, viatu nimeshafunga kamba, na askari wako chini yangu. Nilikaa hivyo mpaka wakati ukapita. Kisha nikavua viatu. Nisamehe.

Jana baada ya adhuhuri nilifungua sanduku. Wakanitazama. Nikakumbuka onyo la Bwana Li, nikahesabu ni tangu lini hawa wawili hawajatazama nje, nikaanza kucheka peke yangu. Mimi siamini mambo hayo, wala siruhusiwi kuyaamini. Habiba akaja kuuliza nacheka nini. Nikamweleza yote, na la darajani pia, ambalo naye nilikuwa nimemficha. Hakucheka. Alikwenda akaleta viatu vyangu, akaviweka mlangoni.

"Wapeleke," akasema. "Ama nitahama mimi, mbaki watatu."

Kamene amekubali nichimbe pembeni ya kaburi lako, chini kabisa, pasta asione. Jumatatu nitapanda basi la asubuhi. Nitawafukia kwa mikono yangu, mmoja kila upande, nyuso nje. Timazi sina, kwa hiyo wakiinama utavumilia. Pale darajani wakinishusha na kuniuliza nimebeba nini, nitafungua sanduku niwaonyeshe. Nitawaambia ni askari wenzao, wa Fundi Musyoka, wanarudi kwa mkubwa wao. Na wakiniweka juani tena nitakaa, safari hii tukiwa watatu, na jioni sitageuka kurudi Galbet. Nitangoja basi linalofuata.

Lala salama, Fundi. Nilisema nimepokea. Nakuja kukabidhi.

Wako,
Mwalimu Adan