Mashine Haikujua Jina Lako

Mwembesongo, Morogoro
14 Machi 2004

Mpendwa kaka Gervas,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Anastasia, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye miteremko. Kabichi mlizotuletea tumekula mpaka majirani wananitania kwamba nimefuga sungura. Huku miili yetu haina neno. Kichwa changu ndicho nisichokielewa, ndiyo maana naandika. Mletaji wa barua ni mpwa wako Neema. Mpe kiti na maji, kisha usome mpaka mwisho kabla hujamwambia lolote.

Najua ulishatoa jibu. Ulimwambia kwamba maadamu wewe mjomba wake ungali hai, hutampa baraka za kwenda kusomea kompyuta, kitu kilichokutoa kiwandani mwaka 1992 na kukurudisha kwenye jembe. Sikubishana nawe. Mtoto wetu hawezi kuondoka mjomba wake akiwa amenuna, na mimi nilikuwa na sababu zangu za kunyamaza.

Jumanne Neema alinivuta hadi duka la intaneti nikaone kwa macho anachotaka kusomea. Akaniuliza ile mashine niliyokuwa nikiitumia ofisi ya utumishi pale kiwandani ilikuwaje. Nikamweleza: ya kahawia, nene kama mkate, imeunganishwa na televisheni na redio ya kaseti. Akaandikaandika, mara ukurasa ukafunguka na, kaka, ikaja! Rangi ileile ya buluu, neno lilelile la kusema iko tayari, na kile kimraba kinachowakawaka kikinisubiri. Nilisimama wima. Nikamuuliza kama ndiyo ile yetu aliyoichukua mwekezaji aliyenunua kiwanda, na nani kaiingiza humo. Neema alicheka hadi watu wakageuka. Akasema hiyo ni programu tu inayoiga mashine ya zamani, watu wameiweka kwenye mtandao ili yeyote aijaribu. Nikasema nimeelewa. Uongo mtupu. Mashine ndani ya mashine, na televisheni yake humohumo, wewe ungeelewa?

Kilichonitia hofu kilikuwa kingine. Niliwaza kwamba kama ni yetu, basi na orodha yetu ya mwaka 1992 imo, na dunia nzima inaisoma. Nikamtuma Neema akaninunulie soda. Alipotoka nikaiamuru mashine inionyeshe kilichomo. Hakuna kitu. Nikaamuru tena. Tupu. Sijui kwa nini, badala ya kushukuru, nilitaka kulia.

Vidole havikuwa vimesahau. Niliandika zile amri fupi za kupanga majina kwa mwaka wa kuajiriwa, nikaweka majina matano, lako na langu yakiwemo, na miaka yetu ya kweli. Nikaiambia imtoe mmoja, aliyeajiriwa mwisho. Ikanitoa mimi. Nikabadilisha mwaka wangu tu. Ikakutoa wewe, papo hapo, bila kusita.

Kaka Gervas, ndivyo ilivyokuwa. Ninyi mliambiwa tu kwamba kompyuta imechagua, kigezo hamkuambiwa. Kigezo kilikuwa mwaka wa kuajiriwa. Wa kupunguzwa walikuwa arobaini, na wa arobaini nilikuwa mimi, wa mwaka 1982. Neema alikuwa na miaka saba, na baba yake tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Nikajiandikia 1978. Sikukulenga wewe, namwapia Mungu. Nilidhani nafasi yangu itabaki wazi, watoke thelathini na tisa. Lakini mashine ilikuwa imeambiwa arobaini, ikamvuta aliyefuata, na jina lililotokea lilikuwa lako. Nililiona. Nilikuwa na muda wa kuurudisha mwaka wangu. Nikachapa orodha, nikaipeleka kwa meneja.

Kwa miaka kumi na miwili umekuwa ukisema mashine haina ndugu, nami naitikia. Kuna siku nilianza kuamini kwamba kweli ilifanya yenyewe. Mpaka sasa sijui vizuri ni nani niliyemdanganya zaidi, wewe au nafsi yangu. Neema aliporudi na soda aliufunga ukurasa, majina yote yakapotea. Nikamuuliza yamekwenda wapi. Akasema hayajaenda popote, ni kwamba hayakuhifadhiwa.

Naona aibu, kaka, aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nikasirikie mimi. Ukitaka nije nipige magoti mbele ya wazee wa ukoo, nitakuja. Ukitaka nisikanyage kwako, sitakanyaga. Lakini baraka za mjomba ni haki ya Neema, na nisingependa awe wa pili kunyang'anywa na mkono wangu.

Nisalimie wifi na wote wa hapo. Neema hajui kilichomo humu. Yuko mbele yako sasa hivi, anakuangalia usoni, akidhani nimekuandikia kumwombea ruhusa tu. Ukishaikunja barua hii, anza na yeye. Mimi nitangoja zamu yangu.

Mdogo wako,
Winfrida