Yesi niliyomfundisha Saidi

Jumatano, baada ya magharibi

Hapa Msimbati nani aliwahi kazi za Wazungu wa gesi kabla yangu? Hakuna. Niliwafyekea njia wakipima ardhi, na hawakunifukuza hata siku moja. Wakisema neno, nasema yesi. Kumwambia mgeni hujamwelewa ni kumkosea adabu, ndivyo tulivyolelewa.

Leo mwanangu Saidi kamaliza darasa la usalama kazini, lililofundishwa kwa Kiingereza. Kesho anaanza kazi kwenye kisima cha gesi, penye mabomba. Nikamuuliza king'ora kikilia wanakimbilia wapi.

"Mwalimu alieleza, baba."

"Wapi?"

Akacheka. "Sikumpata vizuri. Aliponiuliza kama nimeelewa, nikasema yesi. Si wewe ulinifundisha?"

Mkewe, na tumbo lake la miezi saba, hakucheka. Na mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nafyeka majani, nikikosea nakata mti wa watu. Yeye anakwenda kusimama penye gesi.

Basi nikasema jambo ambalo hata marehemu mama yake hakulijua. Kiingereza sikukijua kamwe.

"Hata kidogo, baba?"

"Hata kidogo."

Aliniangalia mpaka nikageuka ukutani. Kisha akachukua baiskeli, kaenda kwa mwalimu aelezwe upya, kwa Kiswahili.

Ugali wake umepoa. Wangu pia. Akirudi nitamuuliza tena, na asiponijibu sawasawa kesho haendi, hata akikasirika. Na akijibu yesi tu, nita...

Baiskeli hiyo.