Sarafu Juu ya Sindano

Akinyi, mjukuu wangu,

Hapa Migori hatujambo, na mama yako ameshapona homa. Wenzako wote wanataka kaseti, wewe umejinunulia gramafoni! Unauliza kama uweke sarafu juu ya mkono wake ili sindano isiruke. Usithubutu.

Mimi niliweka. Marehemu babu yako aliwahi kutajwa kwenye santuri, vile waimbaji wetu huwasifu marafiki zao kwa majina. Sindano ilikuwa ikiruka karibu na jina lake. Nikabandika sarafu, ikatulia, nami nikawa nairudisha hapohapo kila Jumapili, nimsikie akitajwa tena.

Baadaye fundi mmoja wa Rongo alikuja akacheka. "Mama, sindano haina shida. Meza yako ndiyo imeinama."

Kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja kilitosha. Lakini uzito wa sarafu ulikuwa umeshaila santuri, palepale penye jina lake.

Basi sawazisha meza kwanza, na ununue sindano mpya. Santuri yenyewe nimempa mjomba wako akuletee. Utasikia gitaa vizuri, halafu mkwaruzo mfupi. Hapo usiinue sindano. Huyo ndiye babu yako.

Nyanya yako anayekupenda,
Dani