Kisu Nilichomwazima Gaspard

Clémence, shika simu!! Gaspard kaumbuka mbele ya wakwe!

Unakumbuka alivyonicheka kwa kisu changu kwenye sikukuu ya ng'ombe, hata wiki haijaisha tangu aniache? "Kisu cha pete ni cha vikongwe." Vikongwe!! Na watu wote wakacheka.

Sasa leo kaja kula kwa bosi wangu, mzee Anthelme, kumposa binti yake, Solange. Kachomoa kile kisu chake cha mjini, chenye bati la ndani linalojikaza lenyewe ukikikunjua. Mzee akamwambia, "Hicho rudisha mfukoni. Mezani kwangu ni kisu cha kukunja cha mpini wa mti, na pete ya kukazia bapa."

Basi kaniinamia. Mimi! "Niazime chako, tafadhali."

Nikampa, kwa moyo mweupe kabisa 😇

Sikumwambia kuwa kililala kwenye ndoo ya maji. Mti umevimba, umelibana bapa lote. Kazungusha pete, sawa. Kavuta bapa kwa ukucha, wapi! Kavuta kwa meno. KWA MENO, Clémence, mbele ya baba mkwe!

"Pete imeharibika," anasema.

Mzee anamuuliza, "Si ulisema umezaliwa hapa hapa Savoie?"

Nikakichukua, nikagonga kitako cha mpini mezani, mara moja tu, bapa likachungulia. Mtoto yeyote wa huku anajua. Nikalikunjua, nikazungusha pete kulikaza, nikamkatia kila mtu jibini.

Gaspard nikamwekea kijiko.

Wa kwanza kucheka alikuwa Solange.